Upandikizaji wa figo: ushirikiano wa mataifa uanzie Horohoro

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nitoe maoni yangu kuhusu ushirikiano wa nchi na nchi katika uchangiaji na upandikizaji wa viungo vya binadamu, jambo linalozungumzwa sana katika mikutano ya kimataifa lakini ambalo huku kwetu mwambao halijasikika vya kutosha. Mimi ni muuguzi mstaafu, mkazi wa Tanga, na miaka yangu ya mwisho kazini niliitumia nikiwa karibu na wagonjwa wa figo, kwa hiyo nitajikita zaidi kwenye figo, ingawa mengi nitakayoyasema yanagusa viungo vingine pia.

Mwezi Mei 2024, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliofanyika Geneva ulipitisha azimio la kuzitaka nchi wanachama zipanue huduma ya upandikizaji, ziitoe kwa haki na kuisimamia ipasavyo, na likaombwa Shirika la Afya Duniani liandae mkakati wa dunia utakaowasilishwa mwaka 2026. Sababu ya azimio hilo iko wazi. Mwaka 2023 ulimwengu mzima ulifanya upandikizaji unaozidi kidogo 170,000, na makadirio ya shirika hilo ni kwamba kiasi hicho hakifikii hata asilimia 10 ya mahitaji, huku bara letu likiwa mkiani kabisa.

Tanzania haikukaa bure katika miaka hii. Novemba 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza nchini, madaktari wetu wakishirikiana na wenzao kutoka hospitali ya BLK ya New Delhi, na Machi 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma nayo ikafanya hivyo kwa msaada wa Wajapani wa kundi la hospitali la Tokushukai. Waganda walipita njia inayofanana: mwaka 2023 walitunga sheria ya uchangiaji na upandikizaji wa viungo, na Desemba mwaka huohuo hospitali ya Mulago ikafanya upandikizaji wake wa kwanza wa figo wakiwa na wataalamu kutoka India. Ushirikiano wa namna hii umeokoa watu na umewapa vijana wetu ujuzi ambao zamani ulifuatwa kwa ndege, na mtu anayeubeza hajawahi kukaa na mgonjwa aliyekuwa akichangisha fedha za kwenda India kwa kupitisha daftari msikitini na kanisani.

Lakini ukiangalia vizuri, sehemu kubwa ya ushirikiano huo ni wa chumba cha upasuaji. Anakuja bingwa, anafundisha, anaacha vifaa, anaondoka. Yale yanayotakiwa kabla ya mgonjwa kulazwa na baada ya kuruhusiwa, yaani sheria, karatasi, kumbukumbu, ulinzi wa mchangiaji na ufuatiliaji wa miaka yote itakayofuata, hayana bingwa wa kuja kutuachia. Ni mambo ya kupatana na serikali nyingine, na kwa sisi wa Tanga serikali ya kwanza ya kupatana nayo ni ya Kenya, ng'ambo ya mpaka wetu wa Horohoro.

Nieleze kwanza kwa nini jambo lenyewe ni la haraka. Mgonjwa ambaye figo zake zimeshindwa kabisa husafishwa damu mara tatu kwa wiki, na kila mara hukaa kwenye mashine kwa muda wa saa nne hivi. Mkononi hutengenezewa fistula, yaani ateri na veni huunganishwa ili damu ipite kwa nguvu, na ukiushika mkono huo unahisi mtetemo chini ya vidole vyako. Hupimwa uzito kabla ya kuunganishwa na mashine na baada ya kutolewa, kwa sababu wengi wao hawapati tena mkojo wa maana, na kila kikombe cha maji walichokunywa tangu juzi bado kimo mwilini. Wakati wa joto la kaskazi nimewaona watu wazima wakimumunya kipande cha barafu na kukitema, kwa kuogopa kukimeza. Dafu, ambalo huku kwetu ndilo la kwanza kumpelekea mgonjwa, kwao ni hatari kubwa kwa sababu ya potasiamu iliyomo, na wauguzi hulazimika kuwakumbusha ndugu jambo hili mara kwa mara, maana anayekuja kuona mgonjwa haji mikono mitupu. Mashine zimesogezwa mikoani na wenye bima wanahudumiwa, na hilo ni jema sana. Hata hivyo mashine hufanya sehemu tu ya kazi ya figo, na mgonjwa aliyepandikizwa figo nzuri kwa kawaida huishi muda mrefu zaidi na hurudi kwenye shughuli zake.

Sasa figo hiyo inatoka wapi? Kwetu inatoka kwa mtu aliye hai, na mtu huyo ni ndugu wa mgonjwa. Hatuna bado utaratibu wa kuchukua viungo kwa marehemu. Maana yake ni kwamba mgonjwa wa Tanga anawategemea watu wa ukoo wake, na watu wa ukoo wake hawaishi Tanzania peke yake. Mpaka wetu na Kenya ulianza kuchorwa na Waingereza na Wajerumani katika mapatano yao ya mwaka 1886, kuanzia mlango wa mto Umba kuelekea bara, na Wadigo, Wasegeju na Wavumba wakajikuta pande zote mbili bila kuulizwa. Mpaka leo harusi ya Moa ina wageni kutoka Vanga, na msiba wa Lungalunga unasafirisha watu kutoka Duga na Makorora. Tanga mjini kwenda Mombasa ni karibu kuliko kwenda Dar es Salaam.

Kuna familia moja ninayoifahamu, nami nimepewa ruhusa ya kueleza habari yao bila kuwataja. Mgonjwa ni mama wa watoto, mkazi wa Tanga mjini. Kaka yake, baba mmoja mama mmoja, ni mvuvi wa Vanga. Wote wawili walizaliwa Jasini, upande wetu, lakini kaka alichukuliwa na mjomba angali mdogo, akasomea Kenya na kupata kitambulisho cha Kenya. Ugonjwa ulipothibitika, kaka alijitolea bila kushurutishwa na mtu, na kundi lake la damu lilikubaliana na la dada yake. Hospitali walikopelekwa ilitaka uthibitisho wa undugu, na hapo ndipo safari ilipokwama. Dada ana cheti cha kuzaliwa alichokipata ukubwani. Kaka hana cheti cha Tanzania, na kitambulisho chake cha Kenya kimeandika jina la baba kwa herufi tofauti na lilivyoandikwa kwenye cheti cha dada. Walileta barua ya mwenyekiti wa kitongoji, wakaleta barua ya chifu, wakaapa mahakamani. Barua ya chifu ikaonekana haitambuliki huku. Kiapo cha huku kikaonekana hakimhusu raia wa kule. Waliposhauriwa wapime vinasaba (DNA), hakuna aliyeweza kuwaambia ni maabara ya nchi gani ambayo matokeo yake yatakubaliwa na pande zote, wala gharama italipwa na nani, kwa kuwa kaka si mwanachama wa bima yetu. Miezi ikapita, mama akiendelea na mashine. Kisha kijana mmoja asiyejulikana akampigia simu mume wa mgonjwa, akamwambia kwamba anaweza kuwapatia mtu wa kutoa figo, mwenye karatasi zote za undugu, safi, zisizo na kasoro hata moja.

Naomba wasomaji waitazame vizuri hali hiyo. Ndugu wa kweli alishindwa na karatasi, na ndugu wa kutengenezwa angeweza kupita. Familia ile ilikataa, nami nawaheshimu kwa hilo, lakini siwezi kuapa kwamba kila familia iliyo mahali pao ingekataa.

Siilaumu hospitali kwa kutaka uthibitisho. Ina sababu za kuogopa. Miaka ya mwanzoni mwa karne hii, katika hospitali moja ya Durban, Afrika Kusini, wagonjwa kutoka Israel walipandikizwa figo zilizonunuliwa kwa watu maskini, wengi wao Wabrazili na Waromania, ambao walisafirishwa hadi pale na kujazishwa hati za kuwafanya waonekane ni ndugu wa wagonjwa. Mwaka 2010 kampuni iliyohusika ilikiri makosa mahakamani. Ukiitafakari kesi hiyo utaona kwamba madalali walikuwa wameshirikiana kimataifa kwa ufanisi mkubwa: mgonjwa wa bara moja, mtoaji wa bara la pili, upasuaji katika bara la tatu, na fedha zikipita juu ya vichwa vya wote. Na mwaka 2025 jirani zetu wa Kenya waliunda kamati huru kuchunguza huduma za upandikizaji kufuatia madai kwamba figo za vijana wasio na uwezo zilikuwa zikinunuliwa. Kwa hiyo mlango hauwezi kuachwa wazi. Ninachosema ni kwamba mlango usiokuwa na bawabu anayejua kusoma karatasi za pande zote mbili humzuia mwenye haki na kumpitisha tapeli, kwa sababu tapeli ana muda na ana fedha za kutengeneza kila hati inayotakiwa.

Mwaka 2008 wataalamu kutoka nchi zaidi ya 70 walikutana Istanbul wakatoa tamko ambalo linatofautisha vizuri mambo mawili yanayochanganywa mara nyingi. Kusafiri kwa ajili ya kupandikizwa si kosa peke yake. Safari hugeuka kuwa haramu pale panapokuwa na biashara ya viungo, au pale ambapo kuwahudumia wageni kunawanyima wenyeji huduma yao. Mvuvi wa Vanga anayevuka kuja kumpa dada yake figo hayumo katika haramu hiyo hata chembe. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2010 nayo inakataza kulipa au kulipwa kwa ajili ya kiungo, lakini inaruhusu mchangiaji kurudishiwa gharama halali, pamoja na kipato alichokipoteza. Haya yote tumeyakubali katika mikutano. Kazi iliyobaki ni kuyaleta mpaka Horohoro.

India, ambako wagonjwa wetu wengi wamepita, ina sheria ya mwaka 1994 inayotaja ndugu wa karibu kwa orodha, na iliporekebishwa mwaka 2011 ikawaongeza babu, bibi na wajukuu. Asiyekuwamo katika orodha hupelekwa mbele ya kamati ya idhini, na mgonjwa mgeni anayekwenda na mchangiaji wake hutakiwa kuwa na uthibitisho wa ubalozi wa nchi yake. Naupenda utaratibu huo kwa sababu moja: kila mtu anajua aanzie wapi. Lakini siungi mkono kuunakili mzima mzima. Orodha ya aina hiyo ingewaacha nje mtoto wa baba mdogo na mtoto wa shangazi, ambao huku kwetu wamelelewa chini ya paa moja na mgonjwa, wakila sinia moja, na mara nyingi ndio wenye afya na utayari. Watu hao wasikataliwe moja kwa moja. Wasikilizwe na kamati kwa uangalifu zaidi.

Pendekezo langu, basi, ni kwamba Wizara ya Afya ya Tanzania na ile ya Kenya zitiliane saini makubaliano mahususi ya wachangiaji wa kuvuka mpaka. Humo itajwe hati zipi za undugu zitakubaliwa na pande zote. Itajwe pia kwamba pale hati zinapogongana, kipimo cha vinasaba kitafanyika katika maabara moja iliyokubaliwa. Kwetu ipo ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambaye tayari ana jukumu la kisheria kuhusu vinasaba vya binadamu tangu ilipotungwa sheria yake mwaka 2009, na matokeo yake yasihojiwe upya ng'ambo. Kuwe na kamati ndogo ya pamoja isiyokuwa na daktari yeyote wa timu ya upandikizaji, ambayo itakutana na mchangiaji peke yake. Hili la kukutana naye peke yake nalisisitiza kuliko yote. Nimekaa katika vikao vya ukoo ambamo macho ya wazee wote yalimgeukia binti mmoja asiyeolewa, kabla hata hajaulizwa, kwa sababu tu kaka zake wana familia za kulisha. Binti wa namna hiyo hawezi kusema hapana mbele ya baba zake wakubwa. Mbele ya mgeni mwenye utu, katika chumba kilichofungwa, ataweza, na daktari ataiambia familia kwamba vipimo havikuafikiana, bila maelezo zaidi, ili heshima yake ibaki.

Atakayesema kwamba nchi mbili haziwezi kufanya kazi kwa pamoja kiasi hicho na afike Horohoro. Pale kuna kituo cha pamoja cha forodha, ambapo maofisa wa Tanzania na wa Kenya wanakagua lori moja la mizigo chini ya paa moja, mara moja tu, na dereva anaendelea na safari yake. Tuliweza kupatana kuhusu saruji na mahindi.

Jambo la pili ambalo makubaliano hayo lazima yaliguse ni maisha baada ya upasuaji, na hapa napenda nimzungumzie mchangiaji kwanza, kwa kuwa ndiye anayesahauliwa. Mtu mwenye afya njema anaweza kuishi vizuri kwa figo moja, lakini inatakiwa apimwe presha, mkojo na kreatinini, yaani taka ya damuni inayoonyesha figo inavyofanya kazi, kila mwaka maisha yake yote, na katika wiki za mwanzo hatakiwi kunyanyua vitu vizito. Kwa mvuvi, kutonyanyua vitu vizito ni kutokwenda baharini. Nani atamrudishia kipato cha wiki hizo, kwa risiti na kwa kiwango kinachojulikana, ili asije akaonekana amelipwa figo yake? Nani atampima mwakani, akiwa Vanga, kwa kumbukumbu zilizobaki Dar es Salaam au Dodoma? Bima ya mpokeaji ndiyo ilipe, kwa maoni yangu, na kwa kuwa tumeshapata Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, kanuni zake zinaweza kutamka wazi kwamba gharama za mchangiaji, awe raia au asiwe raia, ni sehemu ya matibabu ya mpokeaji.

Mpokeaji naye huanza safari nyingine. Kila siku, asubuhi na jioni, bila kukosa, atakunywa dawa za kuuzuia mwili usiikatae figo mpya, kama takrolimasi, na kiwango cha dawa hiyo katika damu inabidi kipimwe, kwa sababu ikipungua figo inakataliwa na ikizidi yenyewe inaiumiza figo. Dawa hizi zikikosekana kwa muda mfupi tu, kazi yote ya madaktari, fedha zote na figo ya ndugu vinaweza kupotea. Wagonjwa waliopandikizwa katika kila nchi ya ukanda wetu bado ni wachache, na kila nchi ikinunua peke yake inanunua kidogo kwa bei kubwa. Nchi za Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC) zilikwisha kuichagua Bohari ya Dawa ya Tanzania iratibu ununuzi wa pamoja wa dawa na vifaa tiba. Dawa za upandikizaji zinastahili kuwa miongoni mwa za kwanza katika mpango wa namna hiyo, na Kenya na Uganda, ingawa haziko SADC, zisiachwe nje kwa sababu ya mipaka ya jumuiya kwenye karatasi.

Tukishajenga msingi huo kuna jambo zuri zaidi linalowezekana. Wapo mume na mke wanaotaka kusaidiana lakini damu zao hazipatani. Tuseme mgonjwa wa Muheza ana kundi A na mkewe anayetaka kumchangia ana kundi B, na wakati huohuo Mombasa kuna mgonjwa wa kundi B ambaye dada yake ana kundi A. Kila upande ukibaki peke yake hakuna kinachofanyika. Wakibadilishana, na vipimo vingine vikikubali, wote wawili wanapona. Mwaka 2018 Hispania na Italia zilifanya mabadilishano ya namna hiyo, figo zikivuka kutoka nchi moja kwenda nyingine. Kwetu figo yenyewe haihitaji hata kusafiri, mchangiaji anaweza kupanda basi. Lakini haiwezekani bila orodha moja ya wagonjwa na wachangiaji, yenye vipimo vya tishu vinavyofanywa kwa kiwango kimoja, na inayotunzwa na watu wasioweza kuhongwa.

Kuhusu mafunzo, wengi hutaja Hispania, na wana haki. Shirika lao la taifa la upandikizaji lilianzishwa mwaka 1989, wakati nchi hiyo ilikuwa na wachangiaji marehemu 14 kwa kila watu milioni moja; mwaka 2023 walikuwa karibu 49. Siri yao kubwa ni waratibu, watu waliopewa kazi hiyo hasa katika kila hospitali husika, wanaojua kuzungumza na familia iliyofiwa. Tangu mwaka 2005 Wahispania wana baraza la pamoja na nchi za Amerika ya Kusini na Kati, na kupitia humo wamewafundisha waratibu wengi wa nchi hizo. Kwa Afrika Mashariki chombo kipo: Jumuiya yetu ilikwisha gawana vituo vya umahiri, Tanzania ikapewa moyo, Uganda saratani, na Kenya ikapewa figo na mfumo wa mkojo, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Kituo cha Nairobi kiwafundishe waratibu na wauguzi wa Tanga, Mtwara na Kigoma, pamoja na madaktari bingwa wa miji mikuu. Sina ugomvi na semina za siku tatu katika hoteli za Raskazone, zenye mabegi na kalamu, ila sijawahi kuona muuguzi aliyerudi kutoka huko akiwa anajua jinsi ya kuzungumza na mama aliyefiwa na mwanawe saa mbili zilizopita. Kazi hiyo hufundishwa wodini, na huchukua miezi.

Najua wasomaji wengine watauliza kuhusu viungo vya marehemu, na dini inasemaje. Nitajibu kwa kifupi. Baraza la fiqhi la kimataifa la nchi za Kiislamu lililokutana Jeddah mwaka 1988 liliruhusu kuhamisha kiungo cha maiti kwa mtu aliye hai kwa masharti, mojawapo likiwa idhini ya marehemu mwenyewe kabla ya kufa au ya warithi wake, na likakataza kuuza. Papa Yohane Paulo wa Pili aliwahutubia wataalamu wa upandikizaji mjini Roma mwaka 2000 akaunga mkono uchangiaji, kwa masharti yanayofanana na hayo. Kwa hiyo kikwazo si kitabu. Kikwazo ni kwamba kuchukua figo au ini la marehemu kunahitaji wodi za uangalizi maalumu, sheria inayoeleza kifo cha ubongo na madaktari wa kukithibitisha, na hayo kwa hospitali nyingi za mikoa bado yako mbali. Nisingependa tuyakimbilie kabla ya kuaminiana.

Konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, ni habari nyingine. Inaweza kuchukuliwa saa chache baada ya moyo kusimama, haihitaji mashine ya kupumulia, haicheleweshi mazishi, na uso wa marehemu hauharibiki. Sri Lanka, nchi isiyo tajiri, iliyo katika bahari hiihii yetu, ina chama cha kuchangia macho kilichoanzishwa na daktari Hudson Silva mwaka 1961, na tangu hapo kimepeleka makumi ya maelfu ya konea katika nchi nyingi za dunia, zikiwamo za Kiislamu kama Pakistani. Wabudha wa kule wanampa jicho mtu wasiyemjua wala kumshirikia dini. Ningefurahi kuona wataalamu wao wakialikwa hapa watueleze walivyoanza.

Lakini hayo yanaweza kusubiri kidogo, na wachangiaji wa kuvuka mpaka hawawezi. Mkakati wa dunia unaandikwa, na wajumbe wetu watakaokaa Geneva watazungumza, kama kawaida, kuhusu vifaa na wataalamu. Wakiongeza aya moja kuhusu koo zilizogawanywa na mipaka watakuwa wamezungumza kwa niaba ya watu wa Tanga, na pia wa Kagera, Mara, Kigoma na Ruvuma, kwani sidhani kama kuna mkoa wa mpakani usio na habari inayofanana na hii niliyoieleza.

Kwa kumalizia, Ndugu Mhariri, nina ombi kwa gazeti lako. Mtume mwandishi wizarani Dodoma na mwingine wizarani Nairobi, wakaulize swali hilihili siku moja: raia wa Kenya anayetaka kumchangia figo dada yake wa damu aliyeko Tanzania aanzie ofisi gani, apeleke hati zipi, na akikataliwa akate rufaa kwa nani? Majibu yao muyachapishe pamoja, safu kwa safu, nasi huku tutayasoma na kuyabandika kwenye ubao wa matangazo wa kliniki.

Wako,
Muuguzi mstaafu,
Ngamiani, Tanga.